Kanda ya Nne

14 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua hii inaondoka nyumbani leo asubuhi, na natumaini itakukuta na afya njema na viatu visivyopitisha maji. Sisi wanawake watatu wa nyumba hii hatujambo. Bibi bado analalamikia magoti, hasa la kushoto, ambalo anasema lina tabia yake peke yake. Mama alimaliza sare zote za shule kabla ya muhula kufunguliwa, na sasa vidole vyake vinapumzika. Mimi nimeingia kidato cha pili na nimepewa kazi ya kuandika mahudhurio ya darasa, kwa sababu ya mwandiko.

Sasa jambo lenyewe. Mama amepata kazi huko kwenu. Hospitali kubwa inamtaka awe mshonaji wa mashuka na nguo za wagonjwa. Ni kazi ya kudumu yenye mshahara wa kila mwezi, si ya kungoja mteja akumbuke kuja kuchukua gauni lake. Anatakiwa kuripoti tarehe moja Juni. Tulifurahi siku nzima. Siku ya pili Mama alimuuliza dereva mmoja wa lori la mbao anayekuja huko kwenu bei za nyumba, na aliporudi hakula.

Anasema asipopata nyumba ya kututosha, atalala bweni la wafanyakazi, ambako hawapokei familia. Bibi atapelekwa kwa mjomba, na mimi nitabaki kwa mwalimu wangu wa hesabu mpaka nimalize shule. Mjomba ni mtu mwema, na mwalimu pia. Lakini hizo ni nyumba tatu, Mama Mdogo, na sisi ni nyumba moja. Nimeamua kwamba nyumba ya kututosha ipo mahali fulani katika mji wenu, na kwamba itaonekana.

Wewe ni msoma mita za maji. Sidhani kama yupo mtu mjini humo aliyeingia nyua nyingi kukuzidi. Naomba uniandikie kuhusu kila mtaa unaoujua. Tunataka kodi isiyozidi theluthi ya mshahara wa Mama (nimeuandika nyuma ya karatasi hii, yeye hapendi utajwe). Pasiwe na ngazi, kwa ajili ya lile goti. Na Mama aweze kufika hospitali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zamu inapoanza. Jedwali nimeshalipigia mistari.

Hatuombi kukaa kwako. Bibi ametukumbusha kuwa nyumba yako ni ya kampuni na hawataki wageni. Picha yako ukiwa kwenye roshani yenye maua bado iko ukutani, juu ya cherehani. Kila anayekuja kupimwa nguo huonyeshwa.

Mwanao anayekuheshimu.


9 Februari

Karani wangu,

Marahaba, tena mara tatu, moja kwa kila mwanamke wa nyumba hiyo. Mpe mama pole ya goti. Mwambie asilisifu sana, litazoea. Dada mpe hongera, na umkumbushe kuwa alipokuwa na miaka tisa alinishonea gauni lenye mikono miwili upande mmoja, kwa hiyo wagonjwa wajihadhari.

Jedwali! Watoto wa wenzangu huomba pipi. Haya, kaa vizuri nikupe mji.

Kituo chetu kinahudumia kanda sita. Kanda ya kwanza ni ya mageti. Nikipiga kengele mbwa anaitika, halafu mlinzi anauliza, "Nani?" Kila mwezi ananiuliza hivyo, kama vile tumeonana leo. Huko mita inazunguka kama inafukuzwa. Kodi yake usiandike, utamaliza wino bure.

Kanda ya pili ni maghorofa. Dalali atakuonyesha chumba kizuri, bei nafuu, na hatakwambia kuwa kiko ghorofa ya sita mpaka ushike kitasa chake huku unahema. Na maji nayo hayafiki huko, yanaishia ya tatu. Nawaona wanawake wakipanda na ndoo. Vyumba vya chini ni bei mara mbili.

Kanda ya tatu ni rahisi, na ina sababu. Iko bondeni. Mita za huko nazitafuta kwa fimbo ndani ya matope. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanaingia mpaka usawa wa kifua changu, na kila kiangazi wenye nyumba wanapaka rangi kufunika alama. Ukiona mtaa mzima una rangi mpya kuishia kifuani tu, geuza.

Kanda ya tano iko ng'ambo ya reli. Pazuri, na kodi yake ni ya kibinadamu. Lakini basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili kamili, na lazima ushuke njiani upande basi jingine. Dada atakuwa anafika wenzake wakinywa chai.

Kanda ya sita ni mpya na iko mbali, na kodi yake ndiyo ndogo kuliko zote. Vigae vinang'aa mpaka unajiona meno. Mita zipo, maji hayapo. Nasoma sufuri kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Maji yanaletwa na gari, na bei yake kwa mwezi inaipita kodi.

Nikitaja sufuri nakumbuka kituko chetu cha ofisini. Tulikuwa na mwenzetu aliyejiandikia sufuri kwenye mita ya nyumba yake kwa miezi minane, huku mkewe akifua nguo za mtaa mzima kwa malipo. Mambo yaliharibika siku mkubwa wa kituo alipopeleka mashati yake huko bila kujua ni kwa nani. Mpaka leo tunamwita Bwana Sufuri, na anaitika. Tangu hapo ikawekwa sheria kwamba msoma mita hasomi kanda anayokaa.

Basi huo ndio mji. Dada aanze na bweni, mengine yatajipa yenyewe. Kazi zimenibana, nisamehe mwandiko.

Mama yako mdogo.


20 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma baada ya chakula, na Bibi akaomba irudiwe kuanzia kwenye mbwa. Mama anasema gauni lile lilikuwa sawa kabisa, ila wewe ulilivaa kombo na ukakataa kurekebishwa. Mlolongo wa wateja umepungua tangu watu wasikie kuwa anaondoka. Bibi amekutumia salamu, na anauliza kama maua ya roshani yanapata kivuli.

Nimejaza jedwali. Mwanzoni nilikuwa na safu ya kodi tu, kisha nikaongeza nauli na maji, na nimejifunza kwamba kodi ikiachwa peke yake inadanganya. Kanda ya sita ilikuwa ya kwanza kwa unafuu. Nilipoongeza gari la maji na nauli, ikawa ya pili kwa ughali, baada ya ile ya mageti. Mama alitazama hesabu hiyo, akaniuliza kama nimekosea. Nikairudia mbele yake.

Kanda ya tano ndiyo iliyobaki na tumaini. Nimeiandikia hospitali, kwa adabu na kwa idhini ya Mama, kuuliza kama mshonaji anaweza kuanza zamu nusu saa baadaye.

Nina swali moja. Ulisema kituo chenu kina kanda sita. Nimehesabu ulizonieleza ni tano. Umeruka ya nne. Huenda ukurasa ulipotea njiani. Nimeiachia nafasi.

Mwanao anayekuheshimu.


17 Machi

Karani,

Marahaba. Natumaini nyote wazima. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mabomba yaliyopasuka wiki mbili mfululizo. Nimetuma kipande cha kitambaa kwa mama, cha maua madogo. Asikitunze sandukuni, akivae.

Hakuna ukurasa uliopotea. Kanda ya nne haina la kusema, ni mtaa tu kama mitaa. Huko anasoma Bwana Sufuri, si mimi, kwa hiyo sina habari zake. Funga nafasi hiyo.

Bweni la hospitali ni safi, nimeuliza. Mwambie dada asione vibaya kuanzia huko. Na maua ya roshani hayajambo, mwambie mama yanapata kivuli mchana wote.

Mama yako mdogo.


25 Machi

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Kitambaa kimefika na Bibi alikivaa siku hiyo hiyo, kabla hakijapindwa.

Barua hii sijamsomea mtu, na hiyo ni mara yangu ya kwanza. Unajua desturi ya nyumba yetu. Barua zako nasoma kwa sauti mara mbili, na majibu yangu nayasoma kwa sauti kabla ya kufunga bahasha. Sasa naona kwamba barua inayosomwa mbele ya watu haiwezi kubeba kila kitu.

Wewe mwenyewe uliniandikia kuwa msoma mita hasomi kanda anayokaa. Kisha ukaniandikia kuwa kanda ya nne husomi. Nimeandika sentensi hizo mbili kwenye daftari langu, moja juu ya nyingine, kama tunavyofundishwa. Chini yake sikuandika kitu.

Sitakuuliza unakaa wapi. Hilo si swali la mtoto kumuuliza mama yake. Nauliza tu hivi: katika kanda ya nne maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Kuna ngazi? Mtu mzima mwenye kikapu anatembea dakika ngapi mpaka hospitali? Na kodi ni kiasi gani?

Hospitali wamejibu kuwa zamu haisogezwi hata dakika moja. Kanda ya tano nimeikata kwa rula.

Ukiwa na la kuniambia peke yangu, chora mstari mdogo chini ya stempu, nami nitaisomea nyuma ya nyumba.

Mwanao anayekuheshimu.


22 Aprili

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nilifikiri barua yangu imekukosea heshima. Nimeisoma tena nakala yake, nikaona haina tusi, kwa hiyo naandika nyingine.

Fomu ya bweni imefika. Iko mezani chini ya mkasi. Mama ataituma tarehe kumi na tano Mei, kwa sababu baada ya hapo nafasi atapewa mtu mwingine. Bibi ameanza kugawa sufuria. Ile kubwa amempa jirani wa kulia, na ile yenye mpini uliolegea amempa jirani wa kushoto ambaye hampendi. Anagawa huku anacheka, lakini jana nilimkuta ameishika kanga yake ya zamani mlangoni, haikunji wala haivai. Alisema kwa mjomba ni mbali na kote, kwa binti zake wote wawili na kwangu.

Picha yako ameitoa ukutani, akaipangusa, akairudisha. Anasema itafungwa mwisho.

Mimi sijakata tamaa. Nafasi ya kanda ya nne bado iko wazi kwenye jedwali. Ulisema niifunge. Nisamehe, sijaifunga.

Mwanao anayekuheshimu.


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mstari uko chini ya stempu, umeuona. Barua hii nimeiandika mara nne, na tatu za kwanza nimewashia jiko.

Hukunikosea. Ulinipata, na mtu akipatikana hukaa kimya kwanza.

Roshani ile iko kanda ya kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja tu mjini. Mpiga picha alikuja kuipiga picha nyumba kwa ajili ya mwenyewe aliyekuwa safarini, nami nilikuwa nimemaliza kusoma mita. Nikamwomba anipige moja na mimi. Nilitaka mama aone kuwa niko hai na nimevaa vizuri. Sikuandika kuwa ni nyumba yangu. Yeye ndiye aliyejibu, "Nyumba yako nzuri, nimeitundika," na mimi sikukataa. Kila mwaka uliopita ikawa vigumu zaidi kuishusha. Hadithi ya kampuni na wageni niliitunga kwa sababu hiyo. Nimeishi miaka minane nikiogopa mama yangu asije kunitembelea. Hebu fikiria.

Haya, andika.

Kanda ya nne ni vyumba vya zamani vya wafanyakazi wa kiwanda cha matofali kilichokufa zamani. Ua wetu una milango sita na bomba moja katikati. Maji yanatoka Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu. Siku nyingine unatumia ulichokinga. Choo ni kimoja kwa milango mitatu na kinasafishwa kwa zamu, na mama mmoja hapa anaikumbuka zamu yako kuliko siku yako ya kuzaliwa. Kuta ni nyembamba. Jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani. Mvua ikinyesha juu ya bati, hulisikii hata jina lako. Lakini hapafuriki, na rangi ya kuta imechakaa sawasawa kutoka juu mpaka chini.

Hakuna ngazi. Kuna kizingiti tu.

Kwenda hospitali nimetembea mwenyewe, si kukisia. Jumapili nilikwenda na kikapu chenye viazi, dakika ishirini na saba. Jumatatu nikarudia alfajiri kuona kama taa za njiani zinawaka. Zinawaka zote isipokuwa moja, karibu na duka la magodoro. Shule ya sekondari iko nyuma ya ukuta wetu. Kengele yake ndiyo saa yangu.

Mlango wa pili ni wangu. Mlango wa tatu una vyumba viwili, na wapangaji wake wanahama tarehe ishirini na tano. Kodi ya vyumba vyote viwili pamoja haifiki theluthi uliyoniandikia. Mwenye nyumba ni mama mkali asiyependa madalali. Nilipomuuliza, alitaka kujua ni watu gani hao. Nikasema, "Ni watu wangu." Akanitazama. "Miaka tisa umekaa hapa," akasema, "leo ndiyo nasikia una watu." Amenishikia mpaka tarehe ishirini na mbili.

Niliona haya, ndiyo sababu. Mtaa wenyewe hauna ubaya. Nilidhani mkiuona mtapima umbali kutoka roshani ile mpaka hapa, na mtanihesabia.

Kwa mama yangu fanya unavyoona. Mimi mdomo hauwezi.

Mama yako mdogo.


12 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na goti la kushoto leo limeamka na adabu.

Niliahidi kusoma barua yako peke yangu, na sikuweza kutimiza. Bibi hakwenda shule, lakini kila bahasha huipokea yeye, na huitazama yote kabla ya kunipa. Aliweka kidole chini ya stempu. "Hiki nini?"

Nikasema, "Ni alama, Bibi. Ni barua ya hesabu."

"Basi isome hiyo hesabu."

Nilisoma yote. Sikuruka neno, kwa sababu nikiruka Bibi husikia. Nilipofika kwenye roshani Mama alisimamisha cherehani. Nilipofika kwenye kumwogopa mama yako asije kukutembelea, Mama akaichukua karatasi na kumaliza yeye.

Tukamgeukia Bibi. Alikuwa anaitazama picha ukutani.

"Ana daftari la kazi kwapani," akasema. "Mtu gani anapunga upepo kwenye roshani yake mwenyewe na daftari la kazi kwapani?"

Nilisogea kuangalia. Daftari lipo, Mama Mdogo. Kona yake inaonekana chini ya mkono wako wa kulia. Nimeipangusa picha hiyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuliona.

Mama akauliza, "Ulijua miaka yote hiyo, na hukusema?"

"Uso wake ulikuwa umenenepa," Bibi akasema. "Nilitaka kujua hilo tu. Nyumba ningeiuliza ya nini?" Kisha akaniuliza kizingiti chenu kina kimo gani. Hukuandika, kwa hiyo tumekisia tofali moja. Ameliweka mlangoni na analivuka asubuhi na jioni, akienda na kurudi, na hataki kushikwa mkono.

Fomu ya bweni haikutumwa. Mama ameikata iwe kigezo cha kukatia mifuko ya nguo, maana anasema karatasi yake ni ngumu nzuri. Tunafika tarehe ishirini na nane kwa basi la mchana. Tafadhali mwambie mwenye nyumba kuwa watu wako wanakuja watatu na cherehani moja, na kwamba zamu ya choo tunaiweza. Bibi amekwenda kuidai ile sufuria kubwa kwa jirani wa kulia. Ile nyingine amesema ibaki ilipo.

Picha inakuja. Bibi anasema ataitundika mlango wa tatu, na wewe ukipita utaiona kila siku mpaka uizoee.

Safu ya kanda ya nne nimeijaza kwa wino.

Mwanao anayekuheshimu.

Naongeza haya nikiwa kaunta ya posta. Barua zangu zote nilizituma kwenye sanduku la ofisi yenu. Hii nimeandika juu yake: Kanda ya Nne, ua wa bomba moja, mlango wa pili. Karani wa posta ameisoma, akaniuliza kama nina hakika anwani hiyo ipo. Nimemwambia ipo, na kwamba kuanzia mwisho wa mwezi barua zetu nazo ziletwe huko, mlango wa tatu.